Uzi Unaozalisha Umeme wa Jua: Unafanyaje Kazi, na kwa Nini Bado Hauchaji Simu

Kila baada ya muda huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp video ya kitambaa kinachokunjwa, kinachopindwa na hata kuloweshwa maji, huku taa ndogo iliyounganishwa nacho ikiendelea kuwaka. Chini yake huwa kumeandikwa kwamba wanasayansi wamevumbua nguo ya sola na kwamba paneli za juu ya bati zimefikia mwisho wake. Wanaoitazama hugawanyika: wapo wanaouliza bei na duka, na wapo wanaosema ni utapeli mtupu. Wa kwanza wana haraka mno, na wa pili wamekosea, kwa sababu uzi unaozalisha umeme upo kweli na umekuwa ukifanya kazi katika maabara kwa zaidi ya miaka 15. Kinachowachanganya watu ni hesabu ambayo video hizo haziioneshi kamwe: umeme wenyewe ni kiasi gani, umetoka kwenye eneo la ukubwa gani, na kifaa kitadumu kwa muda gani.

Mkanganyiko mwingine ni kwamba jina moja, «nguo ya sola», limebebeshwa vitu ambavyo kiufundi havihusiani. Koti linalouzwa likiwa na paneli ndogo iliyoshonwa mgongoni ni koti la kawaida lenye paneli ya kawaida. Chuo Kikuu cha Nottingham Trent nchini Uingereza kilionesha mwaka 2022 kitambaa chenye seli 1,200 za silikoni, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 5 na upana wa milimita 1.5, zilizofungwa ndani ya nyuzi na kufunikwa kwa utomvu usiopitisha maji. Hapo uzi ni mbebaji tu, na kinachozalisha umeme ni kile kipande kidogo kilichomo ndani. Kisha kuna kitambaa cha Chuo Kikuu cha Fudan cha Shanghai kilichotangazwa mwaka 2021, chenye urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 25, ambacho kinang'aa kama skrini. Kitambaa hicho kinatumia umeme badala ya kuuzalisha, lakini picha zake husambazwa mara nyingi kama ushahidi wa nguo ya sola. Makala haya hayahusu vitu hivyo. Yanahusu uzi ambao wenyewe, kuanzia kiini hadi ngozi yake, ni seli ya jua.

Seli ya jua ni kifaa kinachopokea mwanga na kutoa mkondo wa umeme moja kwa moja, bila mashine inayozunguka na bila kuchemsha maji. Mfaransa Edmond Becquerel aliliona jambo hili mwaka 1839 akiwa kijana wa miaka 19, lakini seli ya silikoni yenye manufaa haikupatikana hadi mwaka 1954, katika maabara za Bell nchini Marekani, ikiwa na ufanisi wa takriban asilimia 6. Ufanisi ni sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuka umeme. Paneli nyingi zinazouzwa leo zina ufanisi wa karibu asilimia 20, maana yake ni kwamba kati ya wati 1,000 za mwanga zinazoangukia mita moja ya mraba wakati jua limewaka sawasawa, tunapata kama wati 200.

Kinachofanya kazi hiyo ni semikondakta, yaani mata ambayo haipitishi umeme kwa urahisi kama shaba wala haiuzuii kabisa kama mpira. Ndani yake elektroni zimeshikiliwa mahali pake, na zinahitaji nguvu ya kiasi fulani ili ziachie na kuanza kutembea. Anayetaka kuelewa afikirie mtoto anayeangua maembe kwa mawe. Embe linaning'inia kwenye kimo fulani. Jiwe lisilofika kimo hicho haliangushi kitu, hata yakirushwa mia. Jiwe linalofika huangusha embe moja, na likirushwa kwa nguvu maradufu bado litaangusha lile lile moja, na nguvu iliyozidi itapotea bure. Embe ndiyo elektroni, jiwe ni fotoni, yaani chembe moja ya nuru, na kile kimo ndicho wataalamu wanachokiita pengo la nishati. Fotoni za mwanga mwekundu zina nguvu ndogo, za buluu zina nguvu zaidi, na zile za mionzi ya urujuanimno zimezidi zote hizo. Kwa sababu mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawe ya kila nguvu, hakuna kimo kimoja kinachoweza kuyafaa yote. Ndiyo maana William Shockley na Hans Queisser walikokotoa mwaka 1961 kwamba seli yenye semikondakta moja haiwezi kuvuka takriban theluthi moja ya nishati inayoipokea. Tangazo lolote linalodai kwamba seli ya kawaida inageuza nusu ya mwanga wa jua kuwa umeme linastahili kutiliwa shaka papo hapo.

Silikoni ina kimo kizuri, lakini ina tabia mbaya: katika umbo linalotumika kwenye paneli ni fuwele ngumu, yenye unene wa chini ya robo milimita, na ukiipinda inavunjika kama kigae. Paneli hufunikwa kioo na kuzungushiwa fremu ya alumini kwa ajili ya kuilinda seli hiyo. Kwa hiyo aliyetaka uzi wa sola alilazimika kutafuta semikondakta inayoweza kupakwa au kuoteshwa juu ya kitu chembamba, na hapo ndipo nanomata zinapoingia.

Nano ni kipimo tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mata ikikatwakatwa kufikia ukubwa huo hubadilika kwa namna mbili zinazotuhusu. Kwanza, eneo la uso wake huongezeka mno. Pili, kwa baadhi ya semikondakta, kile kimo cha embe, yaani pengo la nishati, hubadilika kulingana na ukubwa wa chembe: kadimi selenidi ikiwa katika chembe ndogo sana huonesha rangi ya buluu, na chembe zikiwa kubwa kidogo huelekea nyekundu, ingawa kikemia ni kitu kile kile. Chembe hizo, zinazoitwa nukta za kwanta, ndizo zilizowapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023. Hakuna uchawi ndani yake, na neno «nano» likiandikwa kwenye boksi la bidhaa halithibitishi chochote.

Mata iliyofungua njia ya nyuzi za sola ni ya kawaida kabisa: dioksidi ya titani, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za kuta na dawa za meno. Ni semikondakta, ila embe lake liko juu mno, kiasi kwamba ni fotoni za urujuanimno pekee zinazolifikia. Mwanga mwingine wote inaurudisha, na ndiyo sababu ni nyeupe. Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel waliokuwa Lausanne, Uswisi, waliipaka chembe zake za nano rangi maalumu inayonyonya mwanga unaoonekana. Rangi hupokea fotoni na kuachia elektroni. Dioksidi ya titani huichukua elektroni hiyo na kuipeleka nje. Kisha kimiminika chenye iodini, kinachoitwa elektroliti, huirudishia rangi elektroni iliyopoteza ili kazi ianze upya. Tabaka laini la rangi lisingenasa mwanga wa kutosha, lakini kwa kuwa chembe za nano zina uso mkubwa mamia ya mara kuliko kipande bapa cha upana huo huo, rangi nyingi ilipata mahali pa kushika. Seli yao ilifikisha ufanisi wa asilimia 7 hivi, na haikuhitaji fuwele ngumu.

Kuanzia hapo, kuitoa seli hiyo kwenye kioo na kuihamishia kwenye waya likawa suala la ubunifu. Kundi la Zou Dechun la Chuo Kikuu cha Peking lilionesha seli ya umbo la waya mwaka 2008, na kundi la Peng Huisheng la Fudan limekuwa mstari wa mbele tangu miaka ya mwanzo ya 2010 kwa kutumia nyuzi zilizosokotwa kutokana na mirija nano ya kaboni. Ni vyema kuutazama uzi mmoja unavyotengenezwa, kwa sababu nusu ya maswali ya watu yanajibiwa hapo.

Huanzwa na waya mwembamba wa titani, wenye kipenyo cha sehemu ya kumi au mbili za milimita. Waya huo hutumbukizwa kwenye kimiminika chenye chumvi ya floridi na kupitishiwa umeme wa makumi ya volti, na baada ya saa kadhaa ngozi yake hugeuka kuwa msitu wa mirija ya dioksidi ya titani, kila mrija ukiwa na upana wa nanomita 100 hivi, yote ikiwa imesimama wima kutoka kwenye waya kama manyoya. Kisha waya huokwa kwenye tanuri kwa nyuzijoto zinazokaribia 500 za Selsiasi ili mirija hiyo ipangike kifuwele. Hatua hii ndiyo inayoeleza kwa nini kiini ni metali, wala si pamba au nailoni: pamba ingekuwa majivu zamani. Waya uliookwa hulowekwa ndani ya rangi kwa saa nyingi. Baadaye uzi wa pili, wa platini au wa mirija nano ya kaboni, huzungushwa juu yake uwe elektrodi ya upande wa pili, yaani njia ya pili ya kupitishia umeme. Vyote viwili huingizwa kwenye mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, elektroliti huingizwa kwa sindano, na ncha zote mbili huzibwa. Aliyedhani kwamba ni uzi wa cherehani uliochovywa kwenye dawa ameona sasa kwamba ni mtambo mzima uliolazwa ndani ya mrija.

Baadaye walikuja wanaotumia perovskaiti, kundi la fuwele lililoingia kwenye seli za jua mwaka 2009 kupitia Tsutomu Miyasaka wa Japani kwa ufanisi wa asilimia 3.8, na ambalo katika seli bapa limekwisha kuvuka asilimia 25. Faida yake ni kwamba halihitaji kimiminika, kwa hiyo hakuna cha kuvuja. Uzi wa kwanza wa aina hiyo kutoka Fudan, mwaka 2014, ulikuwa na asilimia 3.3. Kampuni ya Konarka ya Massachusetts nayo ilionesha mwaka 2009 waya wa plastiki inayozalisha umeme wenye ufanisi wa takriban asilimia 3, lakini ilifilisika mwaka 2012, kabla waya huo haujafika sokoni. Nyuzi bora za maabara hivi leo zimevuka asilimia 10, na hizo ni tarakimu za kuheshimiwa.

Umbo la uzi lina manufaa yake halisi. Paneli bapa hupenda kutazamana na jua, na jua likihama hupungukiwa, ilhali uzi ni mviringo, kwa hiyo upande wowote mwanga utakakotoka utakuta uso wa kuupokea. Uzi pia hufumwa, na kitambaa kilichofumwa hupitisha hewa, jambo ambalo karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye nguo haiwezi.

Tatizo kubwa ni urefu. Elektroni iliyozaliwa katikati ya uzi lazima isafiri hadi kwenye ncha ndiyo itumike, na kila sentimita ya safari hiyo ina ukinzani unaokula sehemu ya nishati. Uzi wa sentimita 5 unaweza kuwa na ufanisi mzuri, na ule ule ukirefushwa hadi mita moja ufanisi ukaporomoka. Rekodi nyingi zinazotangazwa ni za vipande vifupi, na mtangazaji hulitaja jambo hilo mara chache. Kuna ujanja mwingine wa kipimo unaofaa kujulikana. Ufanisi wa uzi hukokotolewa kwa kuzidisha kipenyo na urefu ili kupata eneo la kivuli chake. Ukiweka ubao mweupe nyuma ya uzi wakati wa kupima, mwanga unaorudi huupiga uzi kwa chini pia, umeme unaongezeka, lakini eneo kwenye hesabu linabaki lile lile. Tarakimu inapaa, ingawa uzi haujaboreka hata kidogo. Sisemi kwamba watafiti wanadanganya. Wengi huandika wazi walivyopima, ila maelezo hayo hubaki kwenye ripoti na tarakimu peke yake ndiyo inayopanda kwenye video.

Sasa tufanye hesabu iliyokosekana. Chukua uzi wenye kipenyo cha milimita 0.2 na urefu wa sentimita 10. Eneo la kivuli chake ni sentimita ya mraba 0.2. Jua kali huleta miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo uzi hupokea miliwati 20, na ukiwa na ufanisi wa asilimia 10 hutoa miliwati 2. Chaja ndogo ya kawaida ya simu hutoa wati 5. Ili kulingana nayo utahitaji nyuzi 2,500 za aina hiyo, sawa na mita 250, zote zikitazama jua kwa pamoja bila moja kuifunika nyingine, na zote zikiwa zima. Tena, uzi mmoja wa rangi na titani hutoa volti 0.7 hivi, na simu inataka volti 5, kwa hiyo lazima nyuzi saba au nane ziunganishwe kwa mfuatano. Katika muungano wa mfuatano, uzi mmoja ukiingia kivulini, kwa mfano kwenye mkunjo wa kiwiko, huubana mkondo wa wenzake wote.

Kitambaa cha Nottingham Trent kinatupa kipimo kilichoguswa kwa mikono. Kina urefu wa sentimita 51 na upana wa sentimita 27, na kilizalisha takriban miliwati 400. Paneli ya kawaida ya ukubwa huo huo ingetoa zaidi ya wati 25. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba watafiti wale ni dhaifu. Zile seli 1,200 zinafunika kama sehemu moja ya kumi na tano ya kitambaa, na zilizobaki ni nyuzi za kawaida zinazokifanya kiweze kuvaliwa na kufuliwa.

Kwa msomaji wa Mombasa, Kampala au Dodoma kuna jambo la ziada ambalo waandishi wa nchi za kaskazini hawalazimiki kulifikiria. Kanga ina karibu mita ya mraba moja na nusu, na mtu anaweza kushawishika kwamba hilo ni shamba zima la umeme. Lakini karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini. Mwanga wake hupiga kichwa na mabega, na hupita sambamba na nguo iliyoning'inia wima kwenye mwili, bila kuipiga sawasawa. Saa zile zile ambazo paneli ya bati inafanya kazi kwa nguvu zote, nguo ya mtu aliyesimama hupokea kidogo. Kama teknolojia hii itafaa huku kwetu, naamini itaanzia kwenye vitu vinavyolala au kutanda: mwavuli, turubai la kibanda, kofia pana, hema.

Dhana kwamba joto ndilo linalozalisha umeme nayo imeenea sana, na huwafanya watu waamini kwamba nguo itanufaika pia na joto la mwili. Kinachogeuka umeme ni mwanga, na joto ni adui. Paneli ya silikoni hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzijoto moja inayozidi 25, kwa hiyo paneli iliyofikia nyuzijoto 65 juu ya bati imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kinyume chake, wapo wanaosema kwamba nyuzi hizi hufanya kazi vizuri hata ndani ya nyumba. Hapo kuna ukweli nusu. Seli za rangi hazizidiwi sana na mwanga hafifu, lakini mwanga wa taa ya ofisini ni mdogo mamia ya mara kuliko wa jua, na asilimia nzuri ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Ule uzi wetu wa sentimita 10, uliotoa miliwati 2 juani, utatoa microwati (sehemu ya elfu ya miliwati) chache tu mezani. Kwa simu hiyo si kitu. Kwa saa ya mkononi ya kwatzi (quartz), ambayo hula kama microwati moja, inatosha.

Kuhusu sumu, swali ni la haki na halijibiwi kwa neno moja. Dioksidi ya titani iliyoshikamana na waya ndani ya mrija haina la kutisha sana. Perovskaiti zinazofanya vizuri zina madini ya risasi, na nukta nyingi za kwanta zina kadimi au risasi; vyote ni sumu vikimwagika, na perovskaiti huharibiwa na unyevu, ikibadilika kuwa unga wa njano wa iodidi ya risasi. Jasho la mvaaji, sabuni na kupigwapigwa kwenye karai la kufulia ni mtihani ambao maabara haijaumaliza. Mrija unaozuia maji kabisa huufanya uzi uwe mnene na mgumu, na mrija mwembamba unaopendeza kuvaa hupitisha unyevu taratibu. Watafiti wako katikati ya mivutano hiyo miwili, na hapo ndipo kazi kubwa ya sasa ilipo, zaidi ya kwenye asilimia za ufanisi.

Matumizi yanayokaribia zaidi ni yale ya vifaa vinavyokula umeme kidogo na kwa vipindi: kihisi cha joto la mwili kilichofumwa kwenye fulana ya mgonjwa, kipimo cha mapigo ya moyo kinachotuma taarifa mara moja kwa dakika, taa ya tahadhari kwenye fulana ya mwendesha pikipiki. Uzi wa sola hufumwa sambamba na uzi wa betri, ambao nao upo. Kundi lile lile la Fudan lilionesha mwaka 2021 nyuzi za betri ya lithiamu zenye urefu wa mita nzima. Betri ni ya lazima, kwa sababu uzi wa sola hauhifadhi chochote, na wingu likipita mkondo hushuka mara moja.

Anayetaka kununua leo ajue kwamba jaketi za sola zilizopo madukani na mitandaoni ni zile zenye paneli iliyoshonwa. Amwulize muuzaji wati ngapi, si volti ngapi, na eneo la paneli ni kiasi gani. Paneli yenye ukubwa wa kiganja, ya sentimita 8 kwa 10, haiwezi kuvuka wati 2 kwa ufanisi mzuri wa silikoni, hata tangazo likisema 10. Kama kwenye mfuko wa jaketi hilo kuna pawabanki iliyokwishajazwa umeme wa ukutani, simu itachaji vizuri sana siku ya kwanza. Aijaribu siku ya tatu.